Robo Milimita Kila Asubuhi

2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nasi tumeanza kazi ya vioo arobaini. Kazini kuna daftari la kumbukumbu, lakini lile ni la namba. Hili nimejinunulia mwenyewe. Dada yangu anasema mtu mwoga kama mimi anahitaji mahali pa kumwagia hofu zake, na yeye amechoka kuwa ndoo.

Kazi yenyewe niieleze mara moja, nisiirudie. Leza yetu, kuukuu na nzito kama kabati la nguo, imekaa juu ya nguzo fupi ya zege katika chumba chake. Mwale wake hupita kwenye tundu la ukuta, huingia chumbani kwangu na kupenya kitundu cha bati chembamba kuliko ncha ya sindano. Hapo ndipo ninapouchukua mimi. Naugawa kuwa miale minne, kila mmoja na vioo vyake, kisha naikutanisha yote juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Inapokutana, mwanga huongezeka hapa na kufutana pale, na dawa huungua kwa vidoa vilivyopangika kama sega la nyuki, vidogo hivi kwamba mia mbili vinaenea katika upana wa unywele mmoja. Kioo cha namna hiyo hakirudishi mwanga. Mteja anakitaka kwa vifaa vya kupimia macho.

Mwale wenyewe hauonekani. Ni urujuanimno, unauona tu ukiweka kadi ya njano mbele yake, kadi ikang'aa nukta. Kitu kisichoonekana kinachoweza kukupofusha: na woga wangu huu, nilichagua kazi gani mimi?

Mwisho wa Aprili vioo vyote viwe sandukuni. Ndivyo alivyosema Mkuu wa maabara, na Mkuu hutamka tarehe kama mtu anayemtaja mkwe wake.

4 Machi

Asubuhi mwale haukupita katikati ya kitundu. Kwenye kadi nukta ilikuwa juu kwa robo milimita. Nimezungusha skrubu ya kioo cha kwanza, kile kinachoupokea mwale kabla ya kitundu, nukta imerudi. Tumechoma vioo viwili.

5 Machi

Juu tena, robo milimita.

6 Machi

Juu tena. Robo. Ningekuwa mcheza bahati nasibu ningefurahia namba inayojirudia hivi. Mimi siipendi.

9 Machi

Juu. Mwale unaopotoka ovyo, leo huku kesho kule, huwa ni joto, au vumbi, au meza. Unaopotoka upande uleule kwa kiasi kilekile una mkono wa mtu nyuma yake, na mimi najua mkono wa nani.

Fundi chuma ndiye anayetuchongea vishikio vya vioo. Ana miaka hamsini na kitu, alikuwapo kabla jengo halijaitwa maabara, na ana ufunguo wa kila mlango. Hawezi kuona skrubu asiiguse. Kila asubuhi huniamkia shikamoo kwa sauti kubwa, ingawa ananizidi miaka ishirini, kisha huuliza, "Leo tunakimbia saa ngapi, Mama Hatari?" Jina hilo nimejitakia. Mwaka juzi nilinusa gesi nikawatoa watu kumi na wanane nje juani. Kumbe karani alikuwa anapaka rangi kucha chini ya meza.

Leo kabla ya kutoka nimepitisha uzi mweusi juu ya skrubu ya kioo cha kwanza, nikaubandika kwa nta. Akiigusa, nitajua.

10 Machi

Uzi mzima. Nukta juu.

11 Machi

Uzi mzima. Nukta juu. Mwenye akili angejiuliza swali jingine. Mimi nilijiambia jamaa ni mjanja kuliko nilivyodhani, nikaenda kwa Mkuu. Saa sita mchana Fundi alinyang'anywa ufunguo mbele ya karani.

12 Machi

Leo hakuniamkia. Alisema "habari", akapita. Nilidhani nitafurahi.

15 Machi

Jumapili, nimekula kwa Dada. Nyumba yake iko bondeni, chini ya maabara yetu kabisa. Ukisimama uani kwake ukainua kichwa, unaona kwanza ukuta wa mawe unaozuia kilima kisimwagike, halafu juu ya ukuta dirisha la chumba cha leza. Nyumba nne zimepangana hapo chini, yake ni ya mwisho. Sebule ndiyo karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, na sasa mlima wa sare za shule, kwa maana muhula unafunguliwa mwezi ujao. Shemeji yuko safarini na lori. Binti zake wawili, wanangu hao, mmoja wa miaka tisa na mdogo wa minne, walikuwa wamelala juu ya vitambaa kama paka.

Nilimweleza habari ya Fundi. Hakuinua macho kwenye mkasi.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Sikumwona."

"Uzi ulikatika?"

"Haukukatika."

"Basi umemsingizia mtu, mdogo wangu. Mtu mzima, mwenye mke na watoto. Wewe ukishonewa hofu na moyo wako, lazima utafute wa kumvisha."

Mvua ikapiga bati tukashindwa kusikilizana. Mawe ya ukuta, nyuma ya banda la jiko, yalikuwa yanatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilimwonyesha. Alisema kila mvua yanatoa.

17 Machi

Fundi yuko bila ufunguo siku ya sita hii, na leo nukta imepanda nusu milimita. Nimekaa kitini nikaona haya inanipanda tangu miguuni.

18 Machi

Nilimfuata karakanani. "Nimekukosea, mzee wangu."

Hakuzima mashine mara moja. Alimaliza kuchonga alichokuwa anachonga, akakipuliza, akakiweka. "Ule uzi niliuona siku ya kwanza," alisema. "Nikawa naupita kwa adabu, kama mwizi wa kuku anavyompita mbwa."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Alitaka jambo moja tu: ufunguo urudishwe palepale uliponyang'anyiwa, mbele ya karani. Umerudishwa. Nilisema kosa langu kwa sauti, na karani alisikiliza hadi mwisho kwa furaha isiyo ya lazima.

Kisha tukakagua pamoja. Joto la chumba, hewa inayoifanya meza yangu ielee, boliti moja moja. Hatukuona kitu. Mkuu alisema sababu tutaitafuta mvua ikiisha. Kwa sasa tutafute njia ya nukta kujirudi yenyewe. Nami, naandika hili kwa aibu, nilifarijika. Kutafuta sababu kulikuwa kunanitia hofu, na nilishukuru mtu mwingine aliponiambia niache.

20 Machi

Kifaa kimekamilika. Kioo cha kwanza sasa kimekaa juu ya mota mbili ndogo. Kamera inaitazama nukta, na ikisogea hata upana wa vumbi, mota zinageuza kioo hatua kwa hatua mpaka nukta irudi katikati. Kishikio amekichonga Fundi, programu nimeiandika mimi. Tangu asubuhi nukta haijatikisika. Mkuu alipiga makofi peke yake, tukamwacha apige.

23 Machi

Vioo vinne, vyote safi. Mvua.

24 Machi

Vioo vitano. Mvua. Fundi ameniamkia shikamoo.

25 Machi

Mvua kubwa mno, bati limelia siku nzima. Vioo vitano. Nimelala vizuri wiki hii kuliko mwaka mzima uliopita.

27 Machi

Mkuu amemwandikia mteja kwamba tutamaliza mapema.

30 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu na nusu asubuhi ile mashine ya kurudisha nukta ililia. Haikuwa imewahi kulia. Kwenye skrini iliandikwa kwamba mota ya wima imefika mwisho wa njia yake, haiwezi kuinama zaidi. Nilidhani imekwama. Nikaifungua, nikaijaribu mkononi: nzima kabisa. Imefika mwisho kwa sababu imetembea mpaka mwisho.

Ndipo nikakumbuka kwamba kila hatua inayopigwa na mota huandikwa. Mimi mwenyewe niliiandikia programu iandike, kisha sikuwahi kufungua faili. Nimelifungua leo. Siku ya kwanza, hatua arobaini. Siku ya tatu, sabini. Jumatano ile ya mvua kubwa, mia moja na thelathini. Juzi, mia mbili na kumi. Jana, Jumapili, hakuna aliyeingia jengoni: mia mbili na themanini. Zote upande mmoja, hakuna hata hatua moja ya kurudi.

Nimezisoma mara tatu kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Meza yangu inaelea juu ya hewa na kujisawazisha yenyewe, kwa hiyo si meza. Nukta haipandi kwa hiari yake. Leza ndiyo inayokalia matako: nyuma inashuka, pua inainuka. Leza imefungwa kwenye nguzo, nguzo imemwagwa pamoja na sakafu, na sakafu inainamia bondeni. Nyuma ya leza kuna dirisha. Chini ya dirisha kuna ukuta wa mawe, na chini ya ukuta yuko Dada.

Kioo nilichokitengeneza kilikuwa kinaona kila kitu, na kazi niliyokipa ilikuwa kunifichia. Siku kumi nilipokuwa nasifiwa, kilima kilikuwa kinatembea. Naogopa. Nimewahi kuogopa vitu vingi maishani, lakini leo ni mara ya kwanza ninaogopa nikiwa na hesabu mkononi.

31 Machi

Nimemweleza Fundi kwanza. Hakutania. Alikaa juu ya ndoo, akasema, "Kile chumba cha leza hakikuwapo. Jengo liliishia ukutani kwako. Pale nje palikuwa shimo la kutupia kifusi. Tulilisawazisha, tukamwaga sakafu juu yake. Mimi nilikuwapo, nilishika koleo."

Alileta mpira wa maji, ule wanaotumia waashi kupimia usawa, tukapima sakafu kona kwa kona. Upande wa dirishani uko chini vidole viwili. Siku ilipomwagwa, anasema, ilikuwa sawa kama meza ya kukatia.

Tulikwenda kwa Mkuu pamoja. Kuna ufa nyuma ya leza ambao mwaka jana ulipigwa plasta. Mkuu akasema, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliziba. Mnataka nini zaidi?" Alicheka mwenyewe, akatuangalia, akaacha. Amefunga chumba cha leza na kuita mkaguzi wa majengo. Nilitegemea ukaidi, nikakuta mtu anayeogopa mteja wake kama mimi ninavyoogopa kilima.

2 Aprili

Mkaguzi amekuja na viatu visivyo na tope. Aligonga kuta kwa kalamu. Nilimwonyesha hatua za mota. Akauliza mota ilinunuliwa wapi. Nilimwonyesha mpira wa maji. Akasema nyumba zote hukaa chini kidogo, ni kama binadamu. Ameandika kwamba jengo halina hatari ya haraka. Fundi alimsindikiza hadi getini, akarudi akasema, "Amekanyaga lile tope hapo nje kwa uangalifu sana, lakini."

3 Aprili

Kwa Dada. Nilizungumza nusu saa, na michoro.

"Leo ni gesi au rangi ya kucha?" akauliza.

"Dada, nakuomba."

"Mkaguzi amesemaje?"

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya.

"Basi. Nina sare mia mbili na kumi za kumaliza. Umeme wa cherehani uko hapa, meza iko hapa, watoto wanalala hapa. Nihame kwa sababu mota yako imechoka? Tangu utotoni wewe ni mtu wa kuona nyoka kwenye kila kamba."

Nilipanda kilima nikilia njia nzima kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

4 Aprili

Kama hawezi kuamini namba, ataamini macho yake. Mkuu ana kalamu ya leza nyekundu, dhaifu, anayoonyeshea picha mikutanoni. Fundi ameifunga kwa kishikio cha chuma kwenye nondo za dirisha la chumba cha leza, upande wa nje, ikielekea chini. Anaifikia kwa ngazi ndogo ya pembeni. Mwanga unavuka ua wa Dada, unaingia dirishani kwake na kupiga ukuta wa sebule, usawa wa bega langu. Nimewakataza watoto kuukabili kwa macho.

Dada alichukua chaki yake ya kushonea, akaizungushia nukta duara dogo, akaandika tarehe. "Haya," alisema, "tuone huyo nyoka."

Nilimweleza kila kitu. Nukta ikishuka, ukuta wa juu unainama. Betri inadumu siku mbili hivi, Fundi ataibadilisha. Mvua nzito inaweza kuukata mwanga kwa muda.

5 Aprili

Imeshuka upana wa kidole. Dada anasema ni kishikio kimelegea. Fundi amekagua, hakijalegea.

6 Aprili

Vidole viwili vingine.

7 Aprili

Kiganja kizima kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Dada ndiye aliyenipigia, mimi sikumpigia. Hakutania. Ukutani sasa kuna ngazi ya alama za chaki, na pembeni ya kila moja ameandika saa, kwa mwandiko wake uleule wa vipimo vya suruali. Mchana aliwaita majirani waje waone. Nyumba mbili zimeanza kufunga mizigo. Mwenye nyumba ya tatu alisema leza inaleta saratani, akaenda zake.

8 Aprili

Nukta imefika usawa wa macho ya mdogo. Nilipoiona pale, juu kidogo ya kichwa cha mwanasesere wake, nilianza kukusanya nguo za watoto. Nimewachukua watoto wote wawili, wako chumbani kwangu. Dada hakubisha kuhusu watoto. Kuhusu yeye amebisha.

Amechora mstari mrefu ukutani, usawa wa goti. "Ikigusa hapa nafunga cherehani natoka. Zimebaki sare thelathini."

"Usingoje mstari."

"Kwenye kitambaa nakata penye mstari. Nikikata popote, nguo itakuwa ya nani?"

Nilimshika mikono, nikambembeleza, nikamtisha, nikamtajia marehemu mama. Alinipa chai. Kesho asubuhi nakwenda mwenyewe ofisi ya majengo na faili la hatua na picha za ukuta wa Dada, sitoki mpaka mtu atie saini ya kuhamisha watu.

11 Aprili

Naandika ya juzi. Nimeshindwa jana.

Tarehe tisa saa tatu na robo asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya majengo. Mbele yangu wawili. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, watu wote kwenye foleni walikuwa wanasema afadhali. Nami nilisema afadhali. Simu ikalia, ni Dada.

"Nukta haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo ukutani. Saa mbili nimeiwekea alama, ilikuwa shubiri nzima juu ya mstari. Nimekwenda kuepua uji, nimerudi, hakuna."

"Mvua huko?"

"Manyunyu tu."

Nilipiga hesabu. Betri ilibadilishwa asubuhi ya tarehe saba. Siku mbili kamili. Na nukta ilikuwa inashuka kiganja, shubiri, haijawahi kuruka. Mbele yangu sasa alikuwa amebaki mmoja, na karani wa dirishani alikuwa ananitazama.

"Itakuwa betri," nikasema. "Mpigie Fundi aibadilishe."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Dada. Imemaliza siku zake."

Siku moja tu maishani mwangu sikuogopa, nayo ikawa hiyo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Dada. Alimpigia Fundi, ambaye alikuwa nyumbani kwake, hatua chache kutoka maabara, anakaribia kula. Baada ya dakika kumi alimwona juu, kwenye ile ngazi ya pembeni, amemwinulia mkono. Halafu simu ya Dada ikalia.

"Dada yangu, betri nzima," Fundi alimwambia. "Taa inawaka vizuri tu. Inapiga chini, kwenye banda lako la jiko. Ukuta wote umelala. Usichukue kitu. Mtoe na yule jirani, mtoke sasa hivi."

Hakukata simu. Alibaki juu pale akimhesabia: amemwona ametoka mlangoni, amemwona kwa jirani, huyo mwanamume anabisha nini, mvute shati. Dada alimvuta shati. Walikuwa wamefika barabarani, yeye na jirani na mke wa jirani, simu ingali sikioni, aliposikia Fundi anasema, "Haya, na mimi nashuka."

Chumba cha leza kilikwenda chote, na ukuta wa mawe, na kilima nyuma yake. Nyumba nne hazipo. Nilipofika, tope lilikuwa bado linasogea polepole kando ya barabara, na Mkuu alikuwa ndani yake hadi mapajani, anachimba kwa mikono na kuita jina la Fundi, jina lake halisi, ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. Walimtoa saa kumi. Alikuwa ameshakufa zamani.

12 Aprili

Mkaguzi amekuja tena. Sikumtazama viatu.

13 Aprili

Dada hali kitu. Analala kwenye kitanda changu na watoto, amegeukia ukutani. Asubuhi alisema maneno ambayo nilikuwa nayangoja kwa hofu: "Mimi ndiye niliyempandisha. Nilishika simu nikampandisha mtu kifoni." Nilimwambia simu ni yake, maneno ni yangu. Hakunisikia.

14 Aprili

Tumekwenda kwa mke wa Fundi, mimi na Dada. Ni mwanamke mwembamba, sauti yake ya chini. Alitukaribisha sebuleni, akatupa viti, akakaa mbele yetu na mikono mapajani. Juu ya meza kulikuwa na sahani imefunikwa sahani nyingine. Tulimpa pole. Alishukuru.

Kisha akasema, "Nilimwambia ale kwanza. Akasema anarudi sasa hivi, ni betri tu."

Nilisikia Dada anavuta pumzi.

"Nani alimwambia ni betri?" akauliza yule mama. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kitu kilipotea wapi.

Dada akafungua mdomo. Nilimshika goti kwa nguvu hadi akageuka kunitazama. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya zile hatua za mota, kuliko barabarani kwenye tope.

"Mimi," nikasema. "Dada aliniuliza, mimi nikamwambia ni betri. Alipiga simu kwa sababu nilimwambia apige."

Yule mama akaitazama ile sahani.

"Ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa na hakika."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyepewa jibu la swali dogo. Halafu akatuomba tuondoke kabla watoto wake hawajarudi.